Kasisi Aliyesimama Nyuma ya Wanafunzi Wake

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Misri ya juu, kando ya mto Nili, aliishi kasisi mcha Mungu jina lake Paese. Kwa miaka thelathini alibatiza watu wa mji ule: wafinyanzi, wajane, askari waliochoshwa na vita, hata mwizi mmoja sugu ambaye baadaye alikabidhiwa ufunguo wa kanisa. Mtu akiuliza maana ya kuzaliwa mara ya pili, aliambiwa amtazame Paese.

Ijumaa ya kuelekea Pasaka aliitwa na mama yake mdogo, Irai, aliyemlea tangu alipofiwa na mama angali mchanga. Bibi alikuwa mgonjwa wa kufa. Paese alikwenda na mafuta matakatifu, akidhani anataka kuombewa.

"Keti, mwanangu," Irai akasema. "Wewe hukubatizwa."

Paese akatabasamu, akijua homa husema mengi. Lakini Irai alikuwa na akili zake timamu. Akaeleza kwamba siku zile mji haukuwa na kasisi, na baba yake Paese alimtuma ampeleke mtoto kwenye kanisa la mbali, mwendo wa siku mbili. Njiani mtoto akashikwa na homa kali. Irai, binti wa miaka kumi na sita, akaogopa kwamba akizamishwa katika kisima cha ubatizo atamfia mikononi. Akajificha kwa rafiki siku nne. Kisha akamlowesha nywele kwa maji ya mtungi, akampaka mafuta ya kunukia aliyonunua sokoni, akarudi naye. Nyumbani walichinja mbuzi, watu wakala na kushangilia.

Paese aliuliza kwa sauti ya chini, "Uliponilowesha, ulitaja jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu?"

"Sikutaja kitu. Nilikuwa nalia tu."

Mshtuko ulimshika Paese hata akasahau kumwombea mgonjwa. Alitoka nje akakaa chini mavumbini, kasisi mzima, wapita njia wakimsalimu naye haitiki. Miaka thelathini amewaingiza watu kwa mlango ambao yeye mwenyewe hajaupita! Na wale aliowabatiza, je? Na wale aliokwisha kuwazika akiwaahidi uzima? Kila uso uliomjia akilini ulimtia hofu mpya.

Akamwendea Kolutho, shemasi wake wa miaka mingi, akamweleza yote. Kolutho alibadilika rangi, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi, Baba, nyamaza. Bibi hamalizi wiki hii, na kaburi halina mdomo. Ukisema, mji mzima utauliza kama umeokoka. Utawaua watu kwa ajili ya raha ya dhamiri yako?"

Maneno yale yalikuwa na uzito, na Paese hakuyadharau. Alishinda amefunga, ndimi mbili zikishindana kifuani: mmoja ukisema awasitiri watu wake, mwingine ukisema anajisitiri mwenyewe. Jumamosi, askofu alipowasili kwa ajili ya ubatizo wa Pasaka, Paese alipiga magoti mbele yake na kusema kweli yote.

 Askofu hakuwahi kusikia jambo kama lile.

"Uliwabatiza kwa jina la nani?" akauliza hatimaye.

"La Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Basi watulie. Hawakuzaliwa na wewe. Maji hayakuwa yako, wala neema haikuwa yako."

"Na mimi, Baba Askofu? Nimeomba miaka yote hii. Aliyenisikia ni nani?"

"Ni Mungu. Rehema yake haikungoja kisima, la sivyo usingepiga magoti hapa leo. Lakini anayependwa na Bwana wake hajifichi akiitwa. Vua joho. Kama utalivaa tena, sijui. Baraza la kanisa litaamua."

Paese akalivua, akalikunja, akalikabidhi.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilifurika. Wanafunzi wa ubatizo walisimama mstari mmoja kuelekea kisimani, na watu walipomwona Paese wa mwisho kabisa, peku, amevaa shuka kama wengine, mnong'ono ukaenea hadi nje. Askofu akawaeleza. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti. Mfinyanzi aliyekuwa mbele ya Paese akageuka, akapisha njia.

"Pita mbele, Baba."

"Hapana, ndugu yangu. Wewe ulianza kungoja kabla yangu."

Zamu yake ilipofika, askofu alimuuliza kama anamwamini Kristo. Swali lile Paese alikuwa amewauliza wengine mara zisizohesabika. Akajibu, "Ninaamini," akazamishwa mara tatu, akatoka analia kama mtoto.

Askofu alipoinua mkono kufunga ibada, shemasi Kolutho alianguka kifudifudi ukingoni mwa kisima.

"Baba Askofu, usiondoke. Na mimi pia. Nilipohamia hapa nilisema nimebatizwa kwetu. Niliona aibu kusimama na wanafunzi. Wote waliojua ukweli nimekwisha kuwazika."

 Paese, maji yakimchuruzika, ndiye aliyemwinua na kumfungua mshipi wa kishemasi.

Enyi wapendwa, wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami nathubutu kuongeza: wala hazaliwi. Kristo hakutuokoa kwa sababu tumelowa. Alituokoa kwa sababu ametupenda, na maji ni mahali pa kuvua mbele yake kila tulichojisitiria. Kama yupo kati yetu aliyesimama karibu na kisima miaka mingi akiwashikia wengine taulo, na ajiulize leo, kabla mashahidi wake wote hawajazikwa.