Ukoko wa Gongo la Mboto

Usinipindie mdomo. Sijasema hata neno na tayari umeniona muongo. Utasema hakuna familia yenye akili inayopanda treni kutwa nzima kutafuta kitu ambacho nyumbani hutupiwa kuku. Ipo. Kama unaijua kunishinda, njoo ukalie kigoda hiki usimulie wewe. Hutaki? Basi nyamaza, na huyo jirani yako akisinzia umfinye.

Palikuwa na watu watatu wa nyumba moja kule Buguruni, kila mmoja na kipaji chake.

Mwantumu alikuwa na pua. Angepita mlangoni kwako akakwambia kitunguu chako kimeungua upande mmoja, na jana ulikula dagaa.

Kaka yake, Rajabu, alikuwa na sikio. Msemaji hakuwa. Lakini maziwa yakikaribia kufura yeye ameshayasikia, na mtu akisema "sijambo," alijua kama ni kweli.

Mama yao, Bi Siwazuri, alikuwa na mdomo. Mdomo ule ungemtoa kobe gambani akaenda kupanga chumba kwingine. Ila kisu kikali hakichagui cha kukata.

Mwajabu, mke wa Rajabu, siku hizo hakuwa na kipaji chochote isipokuwa mimba, na mimba ile ilikataa kila kitu. Uji ulirudi, ndizi zilirudi, hata maji yalirudi. Mashavu yakazama. Mkunga akamshika tumbo akasema, "Mama, mtoto hakui. Usipopata cha kukaa humu ndani, tutampoteza."

Sasa sikilizeni hapa. Mwajabu alijua anachokitamani. Alitamani ukoko: ule wali wa nazi ulioganda chini ya sufuria, mwekundu kwa moto, unaolia ukiutafuna. Lakini angesemaje? Siku ya harusi yake mvua ilinyesha mpaka turubai likapasuka, na mnajua wanavyosema, mvua ya harusi huletwa na mla ukoko. Bi Siwazuri alisimama mbele ya wageni akatamka, "Jamani, tumeoa mkwaruza masufuria." Watu wakacheka mpaka wakashikana mbavu. Tangu siku hiyo Mwajabu hakugusa ukoko. Na kila sufuria ya wali ilipokwisha kupakuliwa, mama mkwe aliijaza maji palepale.

Ati angesema tu? Wewe umewahi kuishi kwa mkwe? Haya.

Jumamosi moja Rajabu akasema, "Twende wote na treni ya Pugu. Kila mtaa una chakula chake. Tutashuka, tutaonja, tutapanda inayofuata. Hatutakosa hata kimoja kitakachokaa."

Ndani ya behewa Mwajabu aliegemeza kichwa dirishani. "Atakayenipatia kitu kikakaa tumboni," alisema, "huyo ndiye atakayempa mtoto jina."

"Hata mimi, wifi?" Mwantumu akauliza.

"Hata mkata tiketi, akikipata."

Bi Siwazuri akaguna. Jina la mjukuu wa kwanza hutoa bibi, nani asiyejua? Lakini aliitazama shingo ya mkwewe ilivyokonda, akameza neno lake.

Walishuka Vingunguti kwenye mishikaki. Mwajabu aliona mafuta yakidondokea makaa, akageukia ukuta. Wakashuka Karakata kwenye mihogo ya kukaanga na pilipili ya ukwaju. Alilamba pilipili kidogo, ikarudi na yote aliyojaribu kula asubuhi. Bi Siwazuri akaikalia ile sahani, akala ya watu wawili.

"Mama, mjamzito hapa ni nani?"

"Nyamaza, Mwantumu. Namlia kwa niaba yake."

Wakapanda tena, tiketi za Pugu mkononi, maana baada ya Pugu hapakuwa na mtaa mwingine wa kujaribu. Treni ilipopunguza mwendo Gongo la Mboto, Mwantumu alitoa pua dirishani.

"Tushukeni."

"Tiketi ni za Pugu," mama yake akasema.

"Kuna mtu anapika wali wa nazi kwa makumbi. Si mkaa, mama. Makumbi ya nazi."

Akashuka bila kungoja jibu, na wenzake wakamfuata, Mwajabu kashikwa kwapa. Moshi wa makumbi ndio uliomlea Mwajabu kwao Mkuranga. Ulipomfikia, tumbo lililokuwa likichafuka tangu asubuhi likatulia kama mtoto aliyeitwa jina lake.

Kibanda kilikuwa cha Mama Tunu. Akaleta sahani ya wali, mweupe, punje moja moja. Mwajabu akashika tonge, akalinusa, akalirudisha. Mwantumu akaanza kulia.

Nyuma ya kibanda binti alikuwa akikwangua sufuria. Kwaru, kwaru. Rajabu alikuwa amekaa bega kwa bega na mkewe, akasikia mate yakimezwa. Kijiko kikanyamaza, koo likanyamaza. Kijiko kikakwaruza, koo likameza.

"Mke wangu," akasema polepole, "si wali unaoutaka. Ni ukoko."

Mwajabu akafunika uso kwa mtandio.

"Ukoko?" Mama Tunu akashika kiuno. "Mgeni, tena mjamzito, nimpe ukoko mbele ya wateja wangu? Kesho watasema kwa Mama Tunu watu hulishwa makombo. Nitampikia wali mwingine, wa bure. Ukoko sitoi." Akaitwaa ile sufuria kwa binti, akachukua kopo la maji aimwagie, yaishe.

Mwajabu hakumtazama Mama Tunu. Alimtazama mama mkwe, akangoja lile neno la siku ya harusi.

Bi Siwazuri akaziba sufuria kwa kiganja, akamwambia Mama Tunu: "Mwanangu, huyu si mla ukoko. Mla ukoko ni mimi."

Akakaa mchangani na khanga yake mpya, akaipakata sufuria, masizi na yote. Akabandua kipande, akakitafuna kwa meno yake machache, na kibanda kizima kikasikia. "Harusi yangu mimi, mvua ilinyesha mpaka mpishi akaondoka anaogelea. Hamniamini, kamuulizeni marehemu mume wangu."

Wateja wakacheka, na safari hii waliyemcheka ni yeye. Mama Tunu naye akacheka, akaweka kopo chini. Kama yule bibi alisema kweli au alitunga, hakuna ajuaye. Mumewe yuko kaburini, na walioalikwa wengi wamemfuata.

Bi Siwazuri akabandua kipande kikubwa, akakipuliza, akampelekea mkwewe mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mama."

Mwajabu akala. Akala mpaka sufuria ikabaki chuma kitupu. Wakakaa wakilitazama lile tumbo kama abiria wanaongoja treni. Hakikurudi kitu. Kilichotikisika ni mtoto, na teke lake wote waliliona juu ya gauni.

Alizaliwa mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti ya bibi yake. Siku ya akika ikafika, na jina halina mwenyewe.

Mwantumu akasema, "Bila pua yangu mngeishia Pugu."

Rajabu akasema, "Bila sikio langu angepewa wali, akautapika, tukarudi nyumbani."

Bi Siwazuri alikuwa amempakata mtoto, mdomo wake una kazi ya kumbusu. Majirani ndio waliomsemea. Wa huku wakasema, bila mdomo wake ile sufuria ingejaa maji. Wa kule wakasema, mdomo huohuo ndio uliomziba mkwe mdomo tangu mwanzo. Anayekufungia mlango kisha akakufungulia, anadai shukrani?

Mwajabu akawatazama watatu hao, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemtazama moyo ulimwambia ni huyu.

Haya, nyie wenye midomo ya kupinda: jina atoe nani? Msiniangalie mimi, mimi nimeshakula na nimeshasema. Amueni humu humu, na asitoke mtu mpaka mkubaliane. Natoka, na mlango naufunga.