Nyumba Iliyopigwa Namba Nyekundu

Wapendwa, kabla sijafunga neno la leo nataka niwapeleke kwenye nyumba moja. Ni nyumba ya mfano, msianze kugeuka na kuulizana ni ya nani.

Mwenye nyumba tumwite Chilewa. Alikuwa mkulima wa mtama na karanga, akiishi na mkewe, Merina, pamoja na mama yake mzazi, bibi ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Nyumba yao ilikuwa ya tofali za udongo, bati juu, vyumba vitatu. Bibi alilala chumba kile kinachopigwa na mvua.

Siku moja yakaja magari ya kampuni. Wakachoronga mwamba kwenye kilima nyuma ya shamba, wakasema humo mna lithiamu. Mnaijua? Hiyo simu uliyoizima kwa ajili ya ibada, betri yake imetengenezwa kwa madini hayo. Wakasema kijiji kitahamishwa na kila mwenye nyumba atalipwa fidia. Akaja mthamini, akapiga picha, akahesabu miti, akaandika namba ukutani kwa rangi nyekundu. Kisha akawaambia wanakijiji kwamba chochote kitakachojengwa kuanzia siku ile hakitahesabiwa kwenye malipo.

Akaondoka. Wao wakaanza kusubiri.

Mwanzoni walisubiri kwa furaha. Wakafunga vyombo visivyotumika kwenye viroba, tayari kwa safari. Mwezi ukapita, mwaka ukapita. Chilewa akawa mtu wa kusikiliza barabara. Gari likinguruma kwa mbali, anaacha jembe na kwenda kusimama pembezoni mwa shamba mpaka lipite. Akiambiwa paa la jikoni linavuja, anasema tuache kwanza. Mwanawe wa kwanza alitaka kuoa, akamwambia asubiri wahamie kwenye nyumba mpya. Kila kitu kilikuwa "tuache kwanza."

Mvua za mwaka wa pili zikala msingi wa chumba cha bibi. Ufa ukapanda kutoka chini hadi dirishani. Merina akachota udongo mtoni, akauponda na majani, akaanza kuziba. Mumewe akamkuta katikati ya kazi, akamshika mkono.

"Unapaka udongo nyumba ya kubomolewa?"

"Mama analala humu," Merina akajibu.

"Wakija wakakuta tumegusa, watasema tumeongeza nyumba. Watatufuta kwenye orodha, mama watoto. Tutabaki hapa peke yetu."

Merina alimtazama, akaona mumewe anaogopa kweli. Akanawa mikono. Udongo ule ukakaukia kwenye karai. Wakasogeza kitanda cha bibi upande wa pili wa chumba, na bibi akamuuliza mwanawe, bila ugomvi wowote, hao watu watakuja lini. Akamjibu ni karibuni. Alimjibu hivyo masika ile, akamjibu hivyo kiangazi kilichofuata.

Mwaka wa tatu, saa sita mchana, mvua ikiwa imekatika kidogo, Chilewa alisikia injini kubwa. Akatoka mbio mpaka barabarani. Lilikuwa lori la saruji, linapita zake. Akiwa bado amesimama pale alisikia kishindo nyuma yake, akadhani ni mzigo umeanguka kutoka kwenye lori. Alipogeuka aliona vumbi juu ya nyumba yake, na Merina anafukua tofali kwa mikono.

Walimtoa bibi akiwa na pumzi. Hakufika zahanati.

Siku ya tatu ya msiba alikuja mtendaji wa kijiji, akiwa na ofisa mmoja wa wilaya aliyehamia kituo kile hivi karibuni. Walipomaliza kutoa pole, Chilewa alimvuta ofisa pembeni. Ndugu zangu, mnajua alimuuliza nini? Kaburi la mama yake lilikuwa bado bichi, na yeye aliuliza kama chumba kilichoanguka bado kitahesabiwa kwenye fidia, maana picha yake ilikwisha kupigwa.

Ofisa akashangaa. "Fidia ya mradi upi?"

"Wa lithiamu."

"Mzee, ule mradi umefungwa. Bei ya lithiamu ilishuka huko duniani, kampuni ikaandika barua kwamba haiendelei. Mwaka jana, kabla ya mavuno. Hamkuambiwa?"

Mtendaji akatazama chini. Chilewa akakaa kwenye udongo, akiwa na suti yake ya msiba. Merina alikuwa amesimama karibu, amesikia yote.

"Kabla ya mavuno," akasema. "Kwa hiyo kiangazi chote kile tulikuwa tunamsubiri nani?"



Najua mnataka niwakemee wakubwa waliokalia barua. Wanastahili, na nitawakemea siku yao. Leo nina shida na sisi.

Nani alimkataza Chilewa kupaka udongo? Rudini kwenye maneno ya mthamini. Alisema hakitahesabiwa. Hakusema msizibe ufa. Hofu ndiyo iliyoongeza hayo mengine, na mtu mzima akaitii miaka mitatu kama amri ya serikali. Na hata kama kampuni ingekuja kesho yake asubuhi, je, mama hakuwa analala mle ndani leo?

Sisi tunaosema tunamngoja Bwana, tuwe waangalifu. Kuna kungoja kwa mtu mwenye imani, ambaye mikono yake inafanya kazi. Na kuna kungoja kwa mtu aliyeingiwa na hofu akaipa hofu yake jina zuri. Wewe unasubiri uhamisho ndipo umpeleke mke wako hospitali. Wewe unasubiri mambo yakae sawa ndipo uongee na binti yako, na binti anazidi kunyamaza. Una uhakika gani kwamba hicho unachokisubiri hakijafutwa tayari, mahali fulani, na hakuna aliyekumbuka kukuambia?

Sisemi haya nikiwa nimesimama juu yenu. Nina kaka yangu, wa tumbo moja, hatujasalimiana tangu tulipomzika baba. Nimekuwa nikisema nasubiri Mungu auandae moyo wake. Wiki hii, nikiandaa mahubiri haya, nimejiuliza kama ni Mungu ninayemsubiri au ninaogopa tu atakachonijibu. Sikulala vizuri.

Basi nitampigia leo, kabla sijala. Asipopokea, nitapanda basi la mchana. Ninyi pia mnawajua wenu. Tusimame, tuombe kwa kifupi, ili watu wawahi kwenda.