Vita Vilivyoanzia kwenye Kigoda

Nikisema "Ilikuwapo," semeni "Ilete." Ilikuwapo! Hamjala nyie? Ilikuwapo! Haya, hapo sawa.

Hapo kale, kale yenyewe, kabla mbuzi hajaota ndevu na kabla kobe hajapasuka gamba, dunia ilikuwa na nchi sita tu, na mtu aliweza kuzitaja zote kwa pumzi moja. Ulonge kwa wafinyanzi, Unguto kwa wakulima wa mtama, Kirindo kwa wahunzi, Usinda kwenye chumvi. Halafu Mawio, huko jua linakotokea, na Machweo, huko linakozamia. Huko Machweo watu wa huku hawakuwahi kufika, ila walijua kupo, kwa sababu jua lilikwenda na kurudi bila kulalamika.

Bambueni karanga huku mnasikiliza. Bambueni, sikusema mle. Hizo ni mbegu. Kulwa, nimekuona, na mbele za wageni wa shangazi yako!

Sasa, Walonge na Wanguto walikuwa watani. Mlonge akimwona Mnguto njiani humwuliza kama leo ameoga, na Mnguto humjibu kwamba alitaka, ila Mlonge ameyanywa maji yote. Wanacheka, wanakula sahani moja. Hata kwenye msiba, Mnguto hazikwi mpaka Mlonge aje amtukane marehemu. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yao, na mtani hakasirikiwi.

Aliyekuwa na ulimi kuwapita wote ni Kalunde, mfinyanzi wa Ulonge. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Shigela, kijana mpole mwenye miguu myembamba aliyorithi kwa baba yake. Kalunde aliutania ulimwengu mzima, lakini kwa Shigela alikuwa na mapenzi mpaka akawa anaogopa kumpoteza.

Siku moja Unguto walikuwa wanamsimika mtemi mpya, Masele. Baba yake Masele, mtemi wa zamani, Kalunde alimtania miaka ishirini, na yule mzee alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Basi Kalunde akafanya kama ilivyo desturi. Watu wameketi, ngoma imenyamaza, Masele anainama akalie kigoda cha enzi. Kalunde akamtangulia, akajibwaga juu yake, pwaa!

"Kigoda kizuri hiki!" akasema. "Makalio yaliyoletwa kukikalia ndiyo mabovu!"

Wanguto wakaangua kicheko. Bibi Ng'wasi, mama yake Masele, akacheka kuliko wote. Ilibaki Masele ajibu, na jibu lilikwishamfika mdomoni, Kalunde aliliona likimchekea machoni. Lakini siku hiyo palikuwa na wageni. Walikuwa wahunzi wa Kirindo, wamevaa vyuma mpaka masikioni, na Kirindo hakuna utani. Kwao ukiitwa mbovu, basi wewe ni mbovu.

Mkubwa wao akamgeukia. "Mtemi, kumbe kwenu mwanamke hukutukana nawe ukatabasamu?"

Masele akawatazama wageni. Wageni wakamtazama Masele. Na hapo, wajukuu zangu, lile jibu tamu akalimeza, akatoa jingine.

"Mkamateni!"

Kalunde alidhani na huo ni utani. Alicheka mpaka pale walipomburuta hadi mpakani, wakamtupa ndani ya shimo la udongo. Ulonge wakadai waombwe radhi. Masele hakuomba, maana wageni walikuwa bado hawajaondoka. Ulonge wakakataa kuwauzia Wanguto vyungu. Wanguto wakaja wakabomoa matanuri yao. Siku ya tatu mtu akarusha mkuki.

Yangekwisha hapo, lakini Kirindo walikuwa wamekula kiapo na Unguto: anayekupiga wewe kanipiga mimi. Usinda nao walikula kiapo kile kile na Ulonge. Basi Kirindo akaingia, na Usinda akaingia. Usinda alipoingia, Mawio akaingia, kwa sababu walioleana. Mawio alipoingia, Machweo naye akaingia upande wa pili, kwa sababu Mawio wametangulia kuliona jua kila asubuhi tangu dunia iumbwe, na Machweo walikuwa wamechoka kutanguliwa.

Dunia nzima, kwa ajili ya makalio. Msicheke! Haya, chekeni, lakini kidogo.

Vita hivyo vilikwenda miaka mitano. Mwaka wa kwanza watu waliimba. Mwaka wa pili wahunzi waliyeyusha majembe wakafua mikuki, na watu wakalima kwa vijiti. Mwaka wa tatu chumvi ikaisha, mtu akawa anakula mboga kama anatafuna mkeka. Mwaka wa nne watu wakala mbegu. Ndiyo, Kulwa, wakala mbegu, tena bila hiyo raha uliyo nayo wewe. Mwaka wa tano hakikubaki cha kula, na kila nyumba ilikuwa na mtu inayemsubiri.

Nyumba ya Kalunde ilimsubiri Shigela. Walimchukua mwaka wa pili, wakampeleka kupigana na watu wa Machweo, na habari zake zikakatika. Watu walikuwa wamesahau vita vilianzia wapi. Wengine walisema ni mpaka, wengine wakasema ng'ombe. Kalunde hakusahau. Kila akikanda udongo alijiambia, "Ulimi wangu umemla mwanangu." Miaka mitatu hakumtania mtu, hata paka.

Ndipo ikaja habari kwamba Bibi Ng'wasi amefariki.

"Nani atakwenda kumtukana?" Kalunde akauliza.

"Una wazimu?" majirani wakasema. "Ukivuka mpaka watakuua!"

"Wakiniua, kaburi si limeshachimbwa?"

Akajipaka majivu kichwa mpaka miguu, kama mtani anayekwenda msibani, akaondoka asubuhi kweupe. Walinzi wa Unguto walikuwa wazee, vijana wote wamekwisha. Walipoona majivu waliinamisha mikuki, mmoja akamwambia, "Umechelewa, mchawi wewe," na Kalunde akamwinamia kama aliyepewa zawadi, kwa kuwa hakuna aliyemtukana vizuri hivyo siku nyingi.

Kaburini alimkuta Masele amesimama na wakubwa wa majeshi, yule wa Kirindo na mwingine kutoka Machweo, mtu mrefu mwenye mguu mmoja na gongo. Kalunde hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye shimo, akateleza ndani, akajinyoosha, akajifunika shuka.

"Ahaa! Pana nafasi, tena pana ubaridi. Ng'wasi, wewe ulikuwa unakoroma, utawasumbua wafu wenzako. Hapa nalala mimi!"

Mkubwa wa Kirindo akashika upanga. Wazee wa Unguto wakamshika mkono. "Tulia, mgeni. Huyo ni mtani. Akiwa humo hatuziki, na hatoki mpaka akombolewe."

"Mpeni mbuzi," Masele akasema.

"Mbuzi gani?" sauti ikatoka shimoni. "Mbuzi si mliwamaliza mwaka wa tatu?"

"Sasa unataka nini, Kalunde?"

"Nataka jibu langu! Siku ile nilikutania, Masele, nawe jibu ulikuwa nalo, nililiona. Nimelisubiri miaka mitano. Mwanangu kaenda, hajarudi, kwa kulisubiri jibu hilo. Nipe, nitoke, mama yako apumzike."

Yule wa Machweo akauliza jibu la nini. Mzee mmoja akamweleza habari ya kigoda.

"Makalio?" akauliza.

"Makalio."

"Mimi niliambiwa ni mpaka."

"Na mimi niliambiwa ng'ombe," akasema askari mmoja nyuma yake.

"Nimetembea miezi tisa," yule mtu akasema polepole. "Nimezika ndugu zangu wawili njiani. Kwa makalio?"

Hakuna aliyecheka. Masele akawatazama wageni, wageni wakamtazama. Safari hii akaacha kuwatazama, akachungulia shimoni, akamwona mwanamke aliyechakaa, amejaa majivu, analia mahali ambapo mama yake angelala.

"Afadhali makalio yangu," akasema. "Wewe uso wako ni chungu kilichopasukia tanurini, na bado ukakipeleka sokoni!"

Shimoni kikatoka kicheko, kikubwa, cha mtu aliyekizuia miaka. Wazee wakacheka, Masele akacheka huku machozi yanamtoka, akanyoosha mkono akamvuta Kalunde juu. Wakamzika Bibi Ng'wasi pamoja. Yule wa Machweo aliweka mkuki chini, akasema anakwenda kwao kabla hajaambiwa sababu nyingine. Wengine nao wakamfuata, na vita vikaisha hapo.

Mnadhani Kalunde alifurahi? Alirudi nyumbani, akakaa, akasubiri. Njia ya Machweo ni miezi tisa. Mwezi wa tisa ukapita. Wa kumi ukapita. Siku moja yuko kwenye shimo la udongo, akaona mtu anakuja, amekonda, amejitanda shuka la Unguto.

"Wewe Mnguto!" akampigia kelele. "Na vijiti hivyo vya miguu, umekuja kuniibia udongo?"

Yule mtu akasimama. Alitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

"Mama," akasema, "miguu hii ni ya baba."

Kalunde alimkumbatia na udongo wake wote mikononi, akalia, akacheka, akashindwa kuchagua. Kwenye pindo la lile shuka, alilopewa Unguto njiani, Shigela alikuwa amefunga karanga kumi na mbili za Machweo, mbegu ambazo huku hazikuwapo. Njia nzima alikuwa na njaa, na hakula hata moja. Uzao wake ndio huo mnaoubambua.

Enhe, Kulwa, unasemaje? Bibi hana meno, ndiyo maana anawaonea wivu wenye karanga? Mmesikia, wageni? Mnanitazama mimi! Basi na ninyi mkitaniwa mbele ya watu, msiwatazame wageni, mtazameni mtani wenu, mcheke kwanza. Na wewe Kulwa, meno yangu niliyachoka mwenyewe, yako yamekukimbia kwa harufu. Tema hiyo mbegu.

Kisa changu nimekitua hapa chini. Mwenye mikono mitupu akiokote, aende nacho kwao.