Mpaka Uliofuata Mtandao

Hapo zamani, wala si zamani sana kwani simu za mkononi zilikwisha kuingia, alikuwako Sultani Badawi wa Fumbatini, mwenye shamba la minazi na mikarafuu lililoanzia nyuma ya jumba lake hata likapotea machoni. Jumbani alitiliwa kisanduku cha intaneti isiyo na waya, kile watu wakiitacho waifai, naye akakipenda kuliko kiti chake cha enzi. Lakini mtandao ule ulifika jikoni, ukafika kwenye banda la farasi, ukapita mikarafuu michache, kisha ukafa.

Basi siku moja Sultani alikuwa akitembea shambani, akizungumza kwa simu ya picha na mkwewe, mtawala wa nchi jirani, akimwonyesha ukubwa wa mali yake. Alipoipita ile mikarafuu mtandao ukakata, na uso wake ukaganda katika simu ya mkwewe, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mkwewe akaihifadhi picha ile, akaisambaza kwa jamaa wote. Ikawa kila harusi Sultani aingiayo, watu wanakohoa kuficha kicheko.

Akaitwa fundi. Akasema, “Bwana wangu, kisanduku kimoja hakitoshi shamba lote. Vyatakikana vingine, kila kimoja kiyapokee mawimbi na kuyasukuma mbele.”

Sultani, ambaye ubahili wake ulijulikana hata kwa paka wa jumbani, akakataa. Ndipo Waziri Shekue alipoinama akasema, “Bwana, mabati ya wale wakulima walio mwisho wa shamba ndiyo yazuiayo mawimbi.”

“Basi nyumba zao zivunjwe,” akasema Sultani. Fundi akatazama chini, kwani alijua si kweli, lakini alikipenda kichwa chake.

Wakulima wale walizaliwa pale, na baba zao vilevile. Miongoni mwao alikuwako Machano, mtu asiye na kuku wala kifaranga, ambaye wengi walimdhani punguani. Habari ilipofika, jirani yake Bi Kazija, mjane aliyeezeka bati mwaka uleule, aliketi kizingitini hata wali ukaungulia jikoni. Machano akauepua, akavaa kanzu yake ya viraka, akashika njia ya jumbani.

“Bwana wangu,” akasema mbele ya baraza, “nitaufikisha mtandao wako mpakani, pasipo kisanduku kipya wala kubomoa nyumba.”

Baraza zima likacheka. Sultani akasema, “Kadhi na ashuhudie. Nataka mtandao wangu na mpaka wa shamba langu vikutane kabla ya sala ya Ijumaa. Ufanyalo shambani hatalizuia mtu, wala mimi. Vikikutana, nyumba hazivunjwi. Visipokutana, utaanza wewe kuhama.”

“Nimesikia, Bwana. Naomba Waziri anisaidie kushika simu.”

Basi Waziri akatembea shambani, simu kaiinua juu, akisema, “Upo. Upo. Bado upo. Umekata.” Na kila ulipokata, Machano alichomeka kijiti. Wakalizunguka shamba hivyo mpaka Waziri akawa na malengelenge miguuni, asijue anatumikia nini. Alipokwenda kulala, Machano akawaita wakulima, wake kwa waume, wakayang'oa yale mawe meupe ya mpaka, wakayabeba vichwani na kuyapanga penye vijiti.

Ijumaa asubuhi Sultani akatoka na kadhi, fundi na baraza, simu mkononi. Akafika penye jiwe jeupe, karibu tu na mikarafuu, na mtandao ungalipo. Akastaajabu.

“Jiwe hili linafanya nini hapa?”

“Ni mpaka, Bwana,” akajibu Machano. “Uliamuru mtandao na mpaka vikutane, wala hukusema nani amfuate mwenziwe. Mtandao nilimsihi, akakataa kuja. Mpaka hakuwa na ubishi.”

“Na ardhi iliyobaki huko nje ni ya nani?”

“Si yako tena, maana iko nje ya mpaka wako. Sisi tumeikuta tu chini ya miguu yetu.”

Sultani akamgeukia kadhi. Kadhi akashika ndevu, akasema taratibu, “Neno lilitoka kinywani mwako, Bwana wangu, nami nililishuhudia. Na aliyepima ni Waziri wako.”

Watu wote wakamtazama Waziri, naye akaitazama simu kana kwamba imemsaliti. Sultani akajaribu kukunja uso, akashindwa. Kicheko kikamtoka, akacheka hata kilemba kikamwanguka, akaegemea bega la fundi.

“Ardhi waliyolima na iwe yao,” akasema akijifuta machozi, “na iliyosalia mnirudishie, nawaomba. Wewe fundi, lete visanduku vyako leo, kabla mtu huyu hajanisaidia tena.”

Machano akapewa ng'ombe wa maziwa na kanzu ya hariri. Ng'ombe akamtunza, kanzu akampa Bi Kazija ashone mapazia. Na tangu siku hiyo Sultani Badawi hakutoa amri ila amemnong'oneza kwanza kadhi, wakaichungua pamoja neno kwa neno kama wachaguao mchele. Niliyoyapokea ndiyo hayo. Mwenye kuyajua zaidi na ayaongeze.