Bundi Aliyefutwa, na Nzi Aliyebaki

Sogeeni, nanyi mniitikie polepole, maana leo nimechoka.

Hapo kale palikuwa na bundi mkubwa mweupe. Alikuwa akilia juu ya paa la kila nyumba yenye mtu wa kufa, na watu wakimtupia vijinga vya moto. Walisahau kwamba kilio chake ndicho kilichowapa muda wa kuombana radhi.

Siku moja zimwi lilifika kisimani, limechoka kama mimi. Likamwambia Mwanaiki, mwanamke aliyekuwa akiteka maji, "Dunia imejaa, nami sina nguvu ya kuilinda yote. Nimfute yupi, bundi au nzi?"

"Bundi. Alilia, mume wangu akafa."

"Nzi anatua kwenye chakula chako. Bundi au nzi?"

"Nzi namfukuza kwa mkono. Bundi!"

"Nakuuliza mara ya mwisho, mwanangu."

"Bundi!"

Zimwi likapuliza majivu yaliyokuwa kiganjani mwake, na bundi yule akatoweka.

Sasa, Mwanaiki alikuwa amegombana na mama yake kwa ajili ya kinu. Kila siku alisema, "Nitamwomba radhi kesho," maana paa la mama lilikuwa kimya. Alipokwenda, alimkuta mama amekufa, mwili umeshapoa, nzi katua mdomoni.

"Mbona hukuniambia?" Mwanaiki akamlilia nzi.

Nzi akajibu, "Wa kuwaambia kabla mlimfuta. Mimi huja baadaye."

Nimeishia hapo. Mwenye ugomvi na mama yake aende sasa hivi. Nami nifukuzieni huyu nzi, hajaniacha tangu nianze.