Ulimi wa Fundi Kaniki

Hapo zamani, si zamani ya majini, ni zamani hii ya magari yanayotufikia yakiwa yameshachoka, alikuwepo fundi Kaniki, mwenye gereji chini ya mlima. Gari likija linatetemeka, Kaniki huitafuta vali ya moshi, ile inayorudisha moshi kidogo kwenye injini, akaichomekea mpira, akaufyonza, kisha akauziba kwa ulimi. Ulimi ukinaswa, vali nzima. Ulimi ukiachiwa, vali imekufa. Hakuwahi kubadilisha vali bila kuionja.

Basi mchana mmoja wa Ramadhani, Shebughe akaingia na pikapu inayotetemeka na kuzimikazimika. Pembeni yake yuko mkewe, Zaibu, uchungu umemshika. Hospitali iko juu mlimani, na gari jingine hapakuwa.

"Ni vali hiyo, fundi! Badilisha twende!"

"Niijaribu kwanza, ndugu yangu."

"Mke wangu anakufa, wewe unajaribu?"

Kaniki akautazama mpira, mweusi kwa oili. Naye amefunga. Tuseme kweli: moyoni alishukuru kuharakishwa. Akamwita Elieza, muuza spea wa jirani, Mkristo asiyefunga.

"Unayo vali nzima?"

"Hii hapa. Haki ya Mungu, nimeionja mwenyewe. Ulimi ulinaswa."

Kaniki akaing'oa ya zamani, akapachika ile. Pikapu ikaunguruma, ikaondoka. Kwenye kona ya mwisho, paa la hospitali linaonekana, ikazimika, isiwake tena. Zaibu akafia pale barabarani, na mtoto tumboni.

Walipokwisha kuzika na watu kufuturu, Kaniki aliiokota vali ya zamani. Akaichomekea mpira mpya, akafyonza. Ulimi ukanaswa. Nzima! Kilichokuwa kimepasuka ni ule mpira wa zamani ulioiunganisha na injini tu, kitu cha kufunga kwa utepe. Fundi akakaa chini akalia.

Aliichukua mpaka matangani, akaiweka mbele ya Shebughe na Elieza.

Shebughe akasema, "Kuonja bila kumeza hakuharibu saumu, Kaniki. Ungeonja ukatema, leo ningekuwa na mke."

Kaniki akasema, "Nilitaka kujaribu, ukanikatalia. Na ulimi wangu ulipofungwa, niliuamini wa Elieza."

Elieza akasema, "Niliionja kweli, siku niliyoinunua. Imekaa rafuni misimu miwili ya mvua, ikashika kutu. Mbona hakuna aliyeniuliza niliionja lini? Na iliyokuwa nzima sikuing'oa mimi."

Ndani, mama yake Zaibu alikuwa akizikunja nguo za mtoto, moja moja, akizirudisha mfukoni.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa, msinitazame mimi. Mmoja aliharakisha, mmoja aliuhurumia mdomo wake, mmoja aliapa kwa jambo la zamani. Zaibu akisimama leo kuidai roho yake, je, amshike nani?