Mbavu za Mzee Gama

Hii nimetumiwa leo nikiwa kwenye chai, nikacheka, nikafuta machozi, nikaona si haki kukaa nayo peke yangu.

Mzee Gama alikuwa Mngoni, Mzee Kiwele Mhehe, na hao mnawajua kwa utani, hata msibani. Haikupita siku hawajatukanana kwa mapenzi. Jumapili moja, wakiwa wawili tu barazani kwa Gama, kicheko cha Gama kilikatika ghafla, akaanguka. Kiwele, aliyekuwa zimamoto enzi za ujana wake, alimlaza chali na kumkandamiza kifua kama alivyofundishwa, mpaka akalowa jasho. Gama hakuamka.

Kwa kuwa kifo kilikuwa cha ghafla, polisi waliupeleka mwili hospitali kubwa. Pale siku hizi marehemu hupigwa picha ya mashine kwanza, ndipo apasuliwe. Picha ikatoka: mbavu za mbele zimevunjika, kulia na kushoto.

Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba utani sasa umepita kiasi. Lakini hakuna aliyeumia kama Kiwele mwenyewe. Chakula kilimshinda. Mwishowe alijikokota hadi kwa Daktari Tumsifu, mama aliyekabidhiwa uchunguzi ule.

"Daktari, usihangaike kumpasua," alisema. "Aliyemuua ni mimi, kwa mikono yangu hii."

Askari aliyekuwa pale akaona kazi imekwisha: picha ipo, na mtu amekiri bila kuulizwa. Daktari akamwomba mzee akae, anywe maji. Alisema picha imemwonyesha pa kuangalia, sasa acha akaangalie. Akaingia ndani.

Alipotoka, alikuwa anatabasamu.

"Mzee, mshipa wa moyo wake ulizibwa na damu iliyoganda. Na pale kwenye mbavu hakuna damu iliyovia, kama inavyovia mtu akiumia angali hai. Moyo ulishasimama kabla hujamgusa."

"Na mbavu je?"

"Ukikandamiza kifua sawasawa, mara nyingi huvunjika hivyo. Hukumuua, mzee. Ulikuwa unamrudisha."

Kiwele alilia palepale kwenye benchi, na yule askari akamshika bega.

Mjane alipopata habari, alituma aitwe. Kiwele aliingia msibani kichwa chini.

"Shemeji, tumelia tangu juzi bila mtani," mjane alimwambia. "Gama atatuelewaje? Fanya kazi yako."

Kiwele akafuta macho, akalisogelea jeneza.

"Wewe Mngoni," alisema, "nimekukandamiza mpaka mifupa ikasalimu amri, na bado ukagoma kuamka ili tu mimi nionekane mbaya."

Msiba mzima ukaangua kicheko, na wa kwanza kucheka alikuwa mjane.

Funzo: Kuona kilichovunjika si kujua kilichotokea. Tazama kwa nje, tazama na kwa ndani, ndipo umhukumu mtu, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe.